Bi. Apolinaria Leodgar: Kutoka Kuchapa Mitihani Hadi Kuifanya

Bi. Apolinaria Leodgar, katibu muhtasi wa chuo chetu cha ufundi hapa Tabora, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne kazini.

Alianza na taipureta mwaka 1991, akachapa mitihani yote ya ufundi magari pamoja na majibu yake. Mwenyewe hukiri kwamba kwa miaka mingi alidhani difu, ile ya kwenye ekseli ya gari, ni jina la mtu.

Mwaka 2018 basi dogo la chuo lilizimika karibu na Nzega tukienda kwenye harusi. Walimu wanne wa magari walifungua boneti wakabishana saa nzima. Bi. Apolinaria akasema kutoka kiti cha nyuma, "Swali la saba, mwaka 2011. Gari limezima ghafla, mafuta yapo, taa zinawaka: taja sababu tatu. Ya tatu ni fyuzi ya pampu ya mafuta." Kweli, ilikuwa fyuzi. Tulifika pilau likiwa bado la moto.

Jumatatu yake, akiwa na miaka hamsini na mitatu, aliomba kusoma jioni kozi mpya ya magari na mitambo inayojiendesha. Mkuu wa chuo alikuwa na swali moja tu: sasa mtihani atauchapa nani?

Kazi ilimwangukia Mwalimu Kornel, ambaye kwenye kompyuta ana vidole viwili tu. "Chora mfumo wa breki" ikatoka "Chora mfumo wa beki." Bi. Apolinaria alinyoosha mkono kuuliza, akaambiwa asome kilichoandikwa. Alichora breki. Mwenzake darasani, Esperansi wa Ulyankulu, alichora mabeki wanne na kipa, na maksi zake akapewa.

Mtihani wa vitendo ndio uliomtoa machozi. Alitakiwa kutengeneza geti linalofunguka lenyewe gari likikaribia. Lilifunguka vizuri, kisha likajifunga mkuu wa chuo akiwa katikati na gari lake. Akafelishwa. Alikunja ovaroli, akairudisha stoo kwangu, akisema umri umempita.

Kornel alimfuata pale pale. "Dada Apolinaria, umeichapa mitihani karibu miaka thelathini. Leo mmoja tu ndio ukuchape wewe?"

Alicheka huku anafuta machozi, akaichukua tena ovaroli yake.

Wiki tatu mfululizo alishinda getini kila jioni, akipandisha sensa, kile kifaa kinachohisi gari, na kuishusha. Aliporudia mtihani, magari kumi na mawili yalipita bila mkwaruzo. La kwanza lilikuwa la mkuu wa chuo. Alipita amefumba macho.

Sasa Bi. Apolinaria amefungua gereji kwao Kwihara. Wateja wakimkuta mlangoni humwambia, "Shikamoo mama. Fundi tumemkuta?"

"Marahaba. Mmemkuta," huwajibu, na kufungua boneti.

Asante kwa miaka yote, Bi. Apolinaria. Tunakuombea afya tele, na injini zinazokubali kuwaka.

Yoramu Ngollo, mtunza stoo