Papa Amuri Anafunga Kitabu Mahali Patamu

Miaka thelathini na mmoja Papa Amuri Moussa amefungua maktaba ya chuo chetu hapa Likasi. Tarehe 31 ya mwezi wa saba ataifunga mara ya mwisho, maana anastaafu. Amechoka. Na sisi tunaofagia nyuma yake tumechoka, lakini leo ni siku yake.

Alianza kazi akiwa dereva wa lori la samaki wa ziwa Tshangalele. Alisoma hadithi mule ndani ya lori akingoja wavuvi, na mazoea yale akaja nayo chuoni.

Vitabu vya masomo havikumsumbua. Mtihani ukikaribia watoto wanavigombania. Shida ni chumba cha hadithi, cha kusoma kwa raha tu. Umeme ukikatika mitaani, wanafunzi wanajaa mule kuchaji telefone kwa paneli ya jua, kisha wanalala juu ya meza kama magunia ya makaa. Akaweka sheria: ukitaka waya, shika hadithi. Wengine walishika kitabu juu chini, waongo wakubwa. Basi akaanza kuwasomea mwenyewe, kwa sauti, na pale hadithi inapokuwa tamu anafunga kitabu, anakiacha juu ya kiti, anaenda kuswali. Walimshitaki hadi kwa wakubwa.

Mwaka huu wakubwa wakasema hakuna anayesoma; akiondoka, chumba kitakuwa depo ya kuwekea viti. Hilo lilimuumiza kuliko magoti yake.

Alhamisi iliyopita Mama Blandine, sekretari, alikuja kupima chumba kwa ajili ya viti hivyo. Papa Amuri alikuwa amefunga kitabu, ameenda kuswali. Mara umeme ukarudi mjini. Wote wakachomoa waya zao na kukimbia, bila hata asante, watoto hawa. Akabaki Placide, bingwa wa kulala, na kile kitabu mkononi. Mama Blandine akamwambia atoke, anafunga mlango. Hakuinua hata kichwa.

"Mama, ngoja kidogo. Miye niko namaliza."

Mama Blandine akakaa kumngoja. Papa Amuri aliporudi aliwakuta hivyo, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Mama Blandine aliwaeleza wakubwa alichokiona, na viti vimepelekwa pengine. Msomaji mmoja kwa kazi yote ile ni kidogo, tusidanganyane. Lakini chumba kimebaki.

Asante, Papa. Nenda ukapumzishe magoti, kula vizuri, wasomee wajukuu. Na mahali patamu, tafadhali, usifunge.