Melkiori Massawe, Mchoma Diski wa Mtaa wa Sikukuu (1971–2024)

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Magomeni mliosafiri nasi usiku kucha mpaka huku mlimani, na wafanyabiashara wenzake wa Kariakoo, familia inawaomba mtege sikio kidogo mumsikie Melkiori Hillary Massawe alikuwa mtu wa namna gani. Maneno haya tumeyaandika pamoja nyumbani, na anayesoma ni mdogo wake, Fortunata.

Melkiori alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 hapa Kibosho, mkoani Kilimanjaro, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Hillary Massawe na Mama Apolonia. Mama anasema alikuwa na wasiwasi tangu anajifunza kutembea. Akitumwa kufunga mbuzi alifunga vizuri, akaingia ndani, kisha akatoka tena kuhakikisha kama kweli amefunga. Kaka na dada walimcheka wee mpaka wakachoka. Lakini mbuzi walioingia shambani kwa jirani na kula mahindi walikuwa wale waliofungwa na wenzake.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, kisha sekondari mjini Moshi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1989. Mwalimu wake wa fizikia aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu anajua majibu, ila anachelewa kukabidhi karatasi kwa sababu anasahihisha hata pasipo na kosa. Baba aliisoma ripoti ile kwa sauti mezani, na Melkiori peke yake ndiye ambaye hakucheka.

Mwaka 1991 alishuka Dar es Salaam kwa baba mdogo, aliyekuwa na duka la redio Kariakoo. Hapo alijifunza kurekodi kanda, na mwaka 1998 akanunua kamera yake ya kwanza ya video. Julai 2004 alifungua chumba chake mwenyewe, ghorofa ya kwanza, Mtaa wa Sikukuu. Alipiga video za harusi, ubatizo, kipaimara na misiba, akazihariri, kisha akazichoma kwenye diski ili wenyewe wakaangalie nyumbani.

Tarehe 2 Oktoba 1999 alifunga ndoa na Severa katika Parokia ya Magomeni. Severa anakumbuka kwamba bwana harusi alinyanyuka meza kuu zaidi ya mara moja kwenda kumuuliza mpiga video kama betri bado ina moto. Betri ilikuwa na moto. Kilichowashinda ni mvua za miaka iliyofuata, maji yalipoingia ndani Magomeni na mkanda wa harusi yao ukaliwa na ukungu. Melkiori aliusafisha kwa pamba, akaukausha, akaujaribu tena na tena, wapi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Joyceline na Lucky.

Mwaka 2011 aliingiza kamera ya HD, na hapo wasiwasi wake ukapata makao mapya. Picha zilikuwa kali mno, unaona mpaka uzi wa kanga. Shida ilikuwa nyumbani kwa mteja. Deki nyingi zilijua kusoma DVD ya kawaida tu. Ukiipa HD kama ilivyo, ama inagoma kabisa, ama inatoa sauti bila picha. Kwa hiyo kila video ilibidi kwanza ipunguzwe na kugeuzwa iwe katika mfumo ambao deki inauelewa, ndipo ichomwe. Kazi hiyo ilikula saa nyingi, na umeme ukikatika katikati, diski hiyo ni ya kutupa. Mashine ikiwa inachoma, hakuna aliyeruhusiwa kutembea kwa kishindo mle chumbani. Hata fundi cherehani wa chumba cha pili alizoea kugongewa ukuta apumzike kidogo.

Mei 2012 alipiga harusi ya Badria, binti wa jirani yetu wa Magomeni, Bi Kuruthumu Mwinyimvua. Diski ilipokuwa tayari aliijaribu kwenye deki ya kazini kwake, ikacheza vizuri, akaikabidhi. Bi Kuruthumu alialika mtaa mzima, akatoa televisheni uani, akapika pilau. Deki yake ikaitema ile diski, na kila iliporudishwa ikaitema tena. Kesho yake asubuhi mama huyo alipanda ngazi za Mtaa wa Sikukuu.

"Shikamoo, Bi Kuruthumu," Melkiori alisema, akiwa ameshaona uso wake.

"Marahaba. Mchaga, umeniadhiri. Watu wamekula pilau yangu wanaangalia kioo cheusi."

"Mama, kwangu ilicheza mpaka mwisho. Haki ya Mungu."

"Kwako! Kwani mimi nakaa kwako?"

Melkiori aliipokea ile diski. Deki yake ya kazini ilikuwa ya kisasa, inameza kila unachoipa, na siku zote hizo alikuwa akijidanganya kwamba anajaribu. Alichoma upya. Kuanzia wiki ile akaweka sharti ambalo Kariakoo nzima ililicheka: mteja haondoki na diski mpaka aje na deki yake mwenyewe, ijaribiwe humo. Mkifika Mtaa wa Sikukuu siku za Jumamosi mlikuta kina mama wamebeba deki kichwani, zimefungwa kwa kanga, waya unaning'inia. Wenye maduka waliwatania kwamba wanapeleka wagonjwa kliniki. Melkiori hakujali, na hakuadhiri mtu tena.

Januari 2017 Badria alifariki akijifungua mtoto wa kike, Amira, ambaye alibaki kwa bibi yake. Melkiori alizika pamoja na wanaume wa mtaa, akarudi nyumbani, na kwa siku kadhaa hakugusa kamera.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la Kariakoo. Novemba mwaka huo madaktari wakasema ni saratani ya koo, na Machi 2022 alifanyiwa upasuaji uliookoa maisha yake na kuondoka na sauti yake. Tangu hapo aliandika kwenye simu na kukugeuzia usome, au akapiga makofi kuita watu. Hatukuwa na sauti yake popote. Mtu aliyerekodi familia za watu miaka zaidi ya ishirini alikuwa anaikata sauti yake kila anapohariri, kwa sababu aliona aibu kuingilia shughuli za wenyewe. Severa alitafuta kwenye simu yake ya zamani na hakupata kitu. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa mbele ya mumewe hakulisema.

Agosti mwaka huu Bi Kuruthumu alipanda tena ngazi zile, safari hii na mwanawe Hashimu. Diski ya harusi ilikuwa imeazimwa nyumba hadi nyumba mpaka ikachubuka, haisomi. Amira ametimiza miaka saba na ameanza kuuliza. Picha za ukutani anazijua. Anachotaka kujua ni mama yake alikuwa anaongeaje, anatembeaje.

"Kaka Melkiori, turushie tu kwenye simu, yaishe," Hashimu alisema.

Mama yake alimkatisha. "Mama mtu haangaliwi kiganjani. Tutakaa chini wote, mtoto amwone kwenye televisheni kama watu. Na deki yangu bado nzima."

Video halisi ya harusi ile ilikuwa imebaki sehemu moja tu duniani, kwenye diski kubwa ya kuhifadhia iliyokuwa kabatini kwa Melkiori. Aliichomeka kompyuta ikiwa imewashwa, akasubiri. Ilichukua muda mrefu kuamka, na ilipoamka ilitoa mlio wa kugonga. Kila fundi anaujua mlio huo. Aliichomoa haraka. Tangu siku hiyo hakula vizuri wala hakulala. Alijua kwamba akiiwasha bila mpango inaweza kufa, na kwamba akiiacha itakufa vile vile. Diski tupu za kuchomea nazo zimeadimika Kariakoo siku hizi. Alizunguka mpaka akazipata kwa muuza vipuri wa mtaa wa Gerezani, na aliporudi miguu ilikuwa imevimba.

Severa alimsihi apumzike. "Baba Joyceline, si umwachie Lucky aifanye? Anajua."

Aliandika, akamgeuzia simu: "Ikifia mkononi mwa Lucky atajilaumu maisha yake yote. Ife na mimi."

Jumanne tarehe 10 Septemba alikwenda Mtaa wa Sikukuu peke yake. Alitaka aivute video ile kwa mara moja, aigeuze na kuichoma nzima bila kuihariri, maana hakuwa tena na nguvu za kukaa kwenye kiti kutwa. Walikubaliana Bi Kuruthumu alete deki yake kesho yake. Jioni hiyo fundi cherehani alimkuta ameegemea ukuta, hawezi kusimama, akaita bajaji wakampeleka hospitali. Severa alipofika kitandani Melkiori aliomba simu kwa ishara, akaandika: "Diski imo kwenye mashine. Haijajaribiwa." Hakuandika kingine. Alifariki dunia asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, akiwa na umri wa miaka 53.

Ijumaa Lucky alikwenda kufunga chumba cha kazi. Aliikuta diski ndani ya mashine. Akajaribu kuwasha ile diski kubwa ya kuhifadhia, haikugonga wala haikuamka tena. Harusi ya Badria, kama bado ilikuwepo, ilikuwa imebaki kwenye ile diski moja, na hakuna aliyejua kama inasomeka. Lucky aliileta msibani ameishika kwa ncha za vidole.

Bi Kuruthumu alikuwa kwenye mkeka nyumbani kwetu Magomeni tangu Alhamisi, analia na wenzake na kumenya vitunguu. Hakuuliza habari za diski hata mara moja. Jumamosi Severa alimwita pembeni akamwomba akalete deki. Baba mdogo akasikia.

"Msibani hatuwashi televisheni," alisema. "Tena video ya harusi! Watu watatufikiriaje?"

"Baba, mume wangu ameondoka hajui kama inacheza," Severa alijibu. "Mimi siwezi kukaa hivyo. Acha wafikirie wanavyotaka."

Deki ililetwa imefungwa kwa kanga. Hashimu akaunga waya. Amira akakalishwa mbele, miguu imekunjwa, bado ana sare ya madrasa. Lucky aliiweka diski, deki ikaivuta ndani, ikaanza kuisoma. Kioo kikabaki cheusi. Bi Kuruthumu alimshika Severa mkono kwa nguvu mpaka ukauma, na baba mdogo, aliyekataa, alikuwa amesimama mlangoni anachungulia.  Kila mmoja wetu alikuwa anamwomba Mungu kimya kimya, Wakristo na Waislamu, kwa ajili ya kile kisanduku cha plastiki.

Picha ikaja. Badria alikuwa amekaa kitini, hina mpaka kwenye viwiko, anacheka kwa aibu. Akasema, "Jamani, mnaniangalia hivyo kwa nini?" Amira alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, na hakuna aliyemrudisha nyuma.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanaume, nzito, ya karibu, inayotoka mahali ambapo haonekani mtu. "Usiogope, bibi harusi. Angalia kwangu tu. Na wewe Bi Kuruthumu, shikamoo, sogea karibu na mwanao. Karibu zaidi, mama. Hapo hapo. Mmependeza."

Melkiori hakuwa amepata nguvu ya kuikata sauti yake. Uani pale, watu waliokuwa wanatoa pole walisogea mlangoni wote, hata waliokuwa jikoni wakatoka na miko mikononi. Joyceline aliziba mdomo kwa kitenge. Mama Apolonia, aliyekuwa amelala chumbani tangu afike kutoka Kibosho, alitoka ameshika ukuta, anauliza Melkiori amerudi saa ngapi.

"Bibi," Amira aliuliza, "huyo anayesema ni nani? Mbona haonekani?"

Bi Kuruthumu alikuwa anafuta machozi kwa kanga. Akajibu Severa.

"Ni mume wangu, mwanangu. Lucky, rudisha nyuma kidogo, nimsikie tena."

Marehemu Melkiori ameacha mjane wake, Severa. Watoto wake, Joyceline na Lucky. Mama yetu mzazi, Apolonia. Na ndugu zake watano, Caroline, Prosper, Fortunata, Deogratias na Valeria. Baba yetu, Mzee Hillary, alimtangulia mwaka 2009. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi na wenye maduka wa Mtaa wa Sikukuu, pamoja na Bi Kuruthumu na nyumba yake, waliosafiri nasi na wako hapa kando ya kaburi.

Melkiori, tumekusikia. Amani ya Bwana ikupokee, upumzike ndani yake milele. Amina.