Amepona, Ukurasa wa Arobaini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wetu, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi mnaochungulia madirishani mkidhani hatuwaoni, na zaidi ya wote wewe, mwalimu wetu wa nidhamu, unayestaafu leo baada ya miaka ishirini na saba: shikamoo, na hongera.

Nimepewa dakika kumi. Wasemaji watatu walionitangulia wameshaitaja ile methali ya fimbo na mtoto, kila mmoja kana kwamba kaitunga yeye, kwa hiyo mimi nitaipumzisha. Nitazungumzia sayansi.

Maana ni nani hapa asiyejua kuwa mwalimu wetu ni mwanasayansi? Sisi tuliosoma hapa tulimwita Tabibu, wala hakukasirika. Fimbo yake aliiita dawa, na kama tabibu yeyote makini alitunza kumbukumbu. Daftari lenyewe hili hapa, lenye jalada jeusi, analonikabidhi leo pamoja na fimbo kwa kuwa ofisi yake sasa ni yangu. Lina safu tano alizozipiga kwa rula: tarehe, jina, kosa, viboko, matokeo. Shule nyingine ziliishia kwenye viboko. Safu ya matokeo ni uvumbuzi wake mwenyewe, na kwa miaka yote hiyo ameijaza neno moja tu: Amepona.

Mwaka jana walikuja watafiti wawili kutoka chuo kikuu, wakakaa nasi chumba cha walimu tangu chai ya saa nne. Mama mmoja, mkubwa wao, alisema tafiti nyingi zinaonyesha kuwa watoto wanaochapwa hawatulii, bali huzidi. Mwenzake kijana akampinga kwa adabu: pengine watukutu ndio wanaochapwa zaidi, sasa utajuaje kipi kilianza? Wakabishana mpaka chai ikapoa, sisi tukigeuza shingo huku na huku. Tabibu akafungua kabati, akaweka daftari mezani. Yule mama akafunua kurasa, kisha akauliza kwa upole, mtoto huyu alipona Jumatatu, mbona Jumatano yumo tena?

Tabibu hakubabaika. "Huo ni ugonjwa mwingine," alisema.

Ndugu wageni waalikwa, chuo kikuu kizima kina majibu mangapi ya namna hiyo?

Ndipo akawafungulia ukurasa wa arobaini, fahari yake. Msichana wa darasa la sita. Kosa, kuchelewa, viboko viwili, amepona. Kesho yake, kuchelewa, viboko viwili, amepona. Mara thelathini na moja katika muhula mmoja, na baada ya hapo basi. Hakuchelewa tena hata siku moja mpaka anamaliza shule. Tabibu akawaambia wamweleze hilo, na watafiti wale, walioshindwa kukubaliana tangu saa nne, wakakubaliana kumalizia chai iliyopoa.

Mimi nilikuwa karibu na dirisha, nasahihisha madaftari. Ningeweza kuwaeleza. Jina lililo kwenye ukurasa ule ni langu.

Msigune, wazazi. Mwalimu alikuwa amesahau, na tumepita wengi mikononi mwake. Muhula ule mama yangu alikuwa kitandani. Kila asubuhi nilimwosha, nikamlisha uji, nikamgeuza upande, ndipo nikakimbilia shule. Nilijua viboko viwili vinanisubiri getini, na bado nilihakikisha kwanza amemaliza uji. Mwezi wa nane mama akafariki. Baada ya hapo sikuwa na cha kunichelewesha. Nilianza kufika kabla ya kengele, kabla hata ya mlinzi, na mwaka uliofuata nikafanywa kiranja wa kuhimiza wenzangu kuwahi. Kwa hiyo daftari halisemi uongo, nilipona. Ila neno hilo limeniuma hadi leo, Mwalimu, na siyo viboko vilivyoniuma.

Utasema, mbona hukuniambia? Mwalimu wangu, hakukuwa na safu.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kupiga mstari ulionyooka, tena kwa uvumilivu ambao hakuna utafiti ulioupima. Basi wiki hii nimechukua rula, nikaongeza safu moja katikati ya kosa na viboko. Nimeiita Sababu. Bahati mbaya karatasi haitanuki, na safu ya viboko imebaki nyembamba kiasi kwamba haiingii hata tarakimu moja. Niwie radhi. Fimbo nayo nimeipokea kwa mikono miwili, mbele ya Mgeni Rasmi. Ni ndefu, imenyooka, na pazia la chumba cha walimu halina pa kuning'inia tangu mwaka juzi.

Ukurasa wa arobaini nao nimeuongezea safu hiyo. Mistari yote thelathini na moja iko wazi. Sikutaka kuijaza mwenyewe, kwa sababu daftari zima ni mwandiko wako. Kalamu hii hapa. Tukishakula, njoo tukae ofisini, uniulize, nami nitakujibu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na kweli dakika zangu kumi zimekwisha. Nisameheni, nimechelewa tena. Asanteni kwa kunisikiliza kabla ya kuniandika.