Historia ya Marehemu Orsola Marangon, Mchora Nakshi wa Castello

Ndugu waombolezaji, naisoma historia hii kwa niaba ya familia, kama marehemu alivyoagiza, bila kuruka jina la mtu.

Marehemu Orsola Marangon alizaliwa tarehe 3 Machi 1489 hapa Castello, Venezia, akalelewa na masista waliomfundisha kusoma, kuhesabu miraba na kudarizi, na mwaka 1507 akaanza kazi ya kuchora nakshi za vitabu vya mifano kwa mafundi wa kudarizi. Tarehe 12 Januari 1510 alifunga ndoa na marehemu Zuane, mchonga vibao vya kuchapia, aliyezichonga nakshi zake, wakajaliwa watoto wawili, Marco, aliyefariki akiwa mchanga, na mimi, Lucieta.

Mwaka 1529 mchapaji Alvise Torresan, ambaye namwona pale mlangoni, aliazima kurasa za marehemu kwa Jumapili moja tu, ati mkewe azitazame, akazibandika kwenye mbao, akazichonga na kuzichapa kwa jina lake, na marehemu alipokwenda kulalamika alijibiwa mbele ya wafanyakazi, "Mama Orsola, nakshi ni hewa, nani ana hati ya hewa?"

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mwaka uliofuata alichora pindo la mizabibu zuri kuliko yote, ambalo shina lake lilipanda mraba mmoja kila nakshi iliporudiwa, kosa lisiloonekana kwenye karatasi, kisha akaliacha mezani siku Torresan alipomtembelea, akaenda kuchota divai, taratibu sana. Torresan aliliiba, akalichapa kitabuni kwa heshima ya bibi mmoja wa ukoo mkubwa, ambaye mafundi wake walidarizi shuka la harusi kwa miezi tisa, na walipofika kona ya nne mizabibu ikapishana kwa kiganja kizima, wiki moja kabla ya harusi, naye Torresan akafukuzwa katika nyumba ile kama mbwa. Marehemu alipokutana naye darajani alimuuliza kwa upole, "Vipi, Bwana Alvise, hewa imekupungukia?" Sitasema mama alitubu, kwa sababu hakutubu.

Alianza kuugua kifua mwezi Agosti 1546, akafariki nyumbani kwake tarehe 14 Novemba.

Familia inamshukuru tabibu Bernardin, majirani waliotuletea supu na kuni, mafundi wenzake waliobeba jeneza zito kuliko walivyotarajia, na Bwana Torresan, aliyefika jana, kabla hata hatujamvisha sanda, kuuliza vibao vya marehemu vitauzwa lini. Vimo humu jenezani, vyote ishirini na vinne, chini ya mgongo wake, kama alivyotaka.

Pumzika, mama, umelala juu ya mali yako.