Waliobaki Baada ya Msiba

Basi lilikuwa nusu tupu. Fundi cherehani aliketi kando ya dereva mstaafu asiyemjua, na dereva huyo, kwa kupitisha safari, akamuuliza anakwenda wapi.

"Kwa mdogo wangu. Amejiunga na kikundi cha maombi, wanaishi pamoja. Mara mbili nimefika, nikarudishwa getini."

"Mtu mzima huyo, dada. Si alikwenda kwa miguu yake?"

"Alikwenda, kaka. Alifiwa na mtoto. Sisi ndugu tulikaa naye siku tatu, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Wao walibaki. Walimwoshea vyombo, wakamwacha alie mpaka achoke."

Dereva akasema hapo haoni ubaya. Fundi naye hakuwa ameuona. Mdogo wake alipoanza kuomba ruhusa ya kiongozi wa kikundi ili amtembelee mama yao, yeye alicheka. Alipoacha kusema "naona" akawa anasema "tumeambiwa", alidhani ni unyenyekevu. Hata simu ya mdogo wake ilipokabidhiwa kiongozi, alishukuru kwamba angalau ndugu yake amepata utulivu.

"Basi kosa ni la kiongozi," akasema dereva, maana wastaafu hupenda kufunga kesi mapema.

"Lake lipo. Lakini alipita kwenye mlango tuliouacha wazi sisi."

Dereva alitaka kubisha, ila basi likasimama na fundi akashuka.

"Wakikurudisha tena?" dereva akamuuliza kupitia dirishani.

"Nitakaa hapo nje, kaka, mpaka anione."

Basi likaondoka.