Sakafu ya Mwalimu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama, mimi kitinda mimba wa nyumba yetu, kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Sakafu, jina alilolipenda kwa miaka mingi na ambalo mwishoni lilimchoma kama mwiba.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, na tangu utoto ufagio ulikuwa mkono wake wa tatu, uani kwetu halikuota jani, maana kwake majani yalikuwa maskani ya nyoka na matope yalikuwa aibu ya mwenye nyumba.

Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1972, akaanza kufundisha hesabu Januari 1973, na tarehe 6 Novemba 1976 alifunga ndoa na mwashi mmoja mcheshi, shemeji yetu, aliyependa kusema kwamba nyumba za watu anazijenga kwa ramani lakini yake anaijenga kwa amri, na Mungu akawajalia watoto watatu, muuguzi, dereva wa lori na mpiga chapa, wote wako hapa.

Mwaka 1988 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ile ng'ambo ya barabara, akakuta uwanja wa nyasi na miti, vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa mvua, watoto wakiingia darasani na nusu ya uwanja miguuni, basi Agosti 1991 miti ikakatwa, shemeji akamwaga zege kutoka getini hadi vyooni, wazazi wakapiga makofi, na jina la Mwalimu Sakafu likazaliwa hapo.

Kilichomfurahisha zaidi ni utulivu, kwani kila mapumziko ya saa nne watoto walijipanga kando ya ukuta wa madarasa, safu moja ndefu, hakuna kukimbizana, hakuna kelele, naye akiwaonyesha wageni kutoka dirishani alijisifu kwamba hayo ndiyo matunda ya nidhamu, na mtoto aliyelalamika kichwa kinamgonga aliambiwa anywe maji, aache kudeka.

Alistaafu Machi 2011 kwa heshima zote, akafiwa na mumewe Mei 2013, na waliosema majuto ni mjukuu walimjua, kwani Oktoba 2016 mjukuu wake wa kwanza, binti wa muuguzi, alizimia katika uwanja uleule wakati wa mapumziko, bibi akaitwa, akavuka barabara na kandambili zake, akasimama katikati ya lile zege joto likipenya hadi nyayoni, akawaona watoto wamejipanga ukutani vilevile alivyowaacha, ndipo akaelewa kwamba haikuwa nidhamu hata siku moja, kilikuwa ni kivuli, upana wake hatua moja, na watoto wa watu walikuwa wanakigombania kimyakimya miaka yote hiyo. Jioni binti yake muuguzi alimweleza kwamba zahanati yao imezoea watoto wa shule ile, vichwa, magoti yaliyochunika, uchovu, ilhali wale wa shule zenye nyasi na miti wanacheza hadi wanasahau kula, wanalala vizuri na hata ugomvi wao ni mdogo, na alipoulizwa mbona hakusema, alijibu kwa upole kwamba nani angethubutu kumwambia Mwalimu Sakafu.

Kuanzia hapo alikuwa na ombi moja tu, zege livunjwe na majani yarudi, akaenda kwa mwalimu mkuu wa sasa, mwanafunzi wake wa zamani, akaenda tena na tena, kila mara akapewa kiti, soda na jibu lilelile, kwamba watamvunjiaje mwalimu wao kumbukumbu yake, tena angali hai, na alivyozidi kusihi ndivyo walivyozidi kuusifu unyenyekevu wake, mpaka mwaka 2019 wakaupiga uwanja rangi mpya na kuandika jina lake getini. Siku hiyo alirudi nyumbani akalia, akasema kumbe heshima nayo inaweza kumziba mtu mdomo.

Juni 2023 moyo wake ulianza kudhoofu, akalazwa mara mbili, kila aliyekwenda kumwona akaulizwa kwanza habari za uwanja, na tarehe 9 Februari 2024, saa tisa alasiri, alituaga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na walimu wenzake, na kwa namna ya pekee kamati ya shule iliyotuletea mifuko ya saruji kwa ajili ya kaburi, asanteni sana, lakini tunaomba muichukue, kwani marehemu ameagiza kaburi lake lisisakafiwe, liote nyasi tu, na miche ya miti aliyoiotesha kwenye makopo ya rangi, mliyoipita pale mlangoni, si ya kaburini, amesema yeye kivuli hakihitaji tena. Mwalimu mkuu, umekaa mstari wa mbele, kesho ni siku ya shule, na saa nne watoto watajipanga ukutani.

Dada, udongo ukupokee bila zege juu yake, upumzike kwa amani.