Mama Taa na Seli za Samaki wa Umeme

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Taa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani na mkunga, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake.

Alianza shule mwaka 1958, akasoma hadi chuo kikuu, na mwaka 1975 akaajiriwa katika maabara ya viumbe vya bahari, kumchunguza taa, yule samaki bapa apigaye umeme, akikikata kiungo chake cha umeme vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini, akiwafundisha vijana jinsi seli zake, ambazo asili yake ni misuli, zilivyo bapa kama sahani zilizopangwa kabatini, kila moja ikipokea neva upande wa chini tu, nguvu ya moja ikiwa haba, lakini zikifanya kazi pamoja humwangusha mtu mzima.

Mwaka 1978 taa za maabara zilizimika, akaitwa fundi umeme, naye akazima swichi kuu kwa uangalifu wote, kisha akatia mkono kwenye beseni la maji lililomzibia njia ili alisogeze, akarushwa hadi ukutani huku akipiga kelele, "Nimezima kila kitu, huu umeme unatoka wapi?", marehemu akacheka hadi akakaa chini, akamjibu, "Pole kaka, taa uliyoitiwa iko juu, huyo ni taa wangu," na kwa kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, yeye na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 9 Juni 1979, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2011 macho yake yalianza kufifia, na binti yake mkubwa alimkuta akilia mbele ya hadubini, akadhani kazi ya mama imeishia hapo, lakini marehemu alijifuta machozi, akawaita wanafunzi wake, akawaambia, "Mimi macho yamegoma, nyinyi tazameni, mnisimulie," wakawa wanamsimulia miaka yote iliyofuata, naye akiwakosoa, "Neva haziingilii juu, mwanangu, umekiweka kioo chenye kipande kichwa chini," na kweli kioo kilikuwa kichwa chini.

Moyo ulipoanza kumsumbua alilazwa, akawachekesha wauguzi kwa habari za samaki wake, hadi asubuhi ya tarehe 2 Februari 2022, alipofariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufungulia milango yao, wafanyakazi wenzake, na wanafunzi waliokubali kuwa macho yake. Mama, pumzika kwa amani bila wasiwasi, kazi yako ina wenyewe.